Ndovu Wetu, Vayolini Zao

Denys Finch Hatton alikufa Voi. Wengi wanaoipenda Out of Africa hawalijui hilo, na hata hapa kwetu ukiuliza vijana wa stendi watakuambia Finch Hattons ni kambi ya watalii wenye pesa kule Tsavo West. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 14 Mei 1931 ndege yake ndogo aina ya Gypsy Moth iliruka kutoka uwanja wa Voi, ikaanguka na kuwaka moto. Alikufa yeye pamoja na mtumishi wake, Kamau.

Kwenye filamu ya Sydney Pollack ya 1985, ajali hiyo hatuioni. Tunachokiona ni safari nyingine ya ndege, ile ya mapenzi, ya nyanda na ndege wa ziwani wanaopaa kwa maelfu, ambayo John Barry aliitandikia okestra nzima na kuondoka na Oscar. Kuruka kukapigiwa vayolini. Kuanguka, ambako ndiko kulikotokea kwetu, kukaletwa kama habari tu, mtu anakuja kumwambia mwenzake. Kamau hakupewa hata hiyo.

Naanza na Barry kwa sababu yeye ndiye aliyeifundisha dunia Kenya inasikika vipi ikitazamwa kutoka juu. Ila ninayetaka kumzungumzia ni mtu mwingine, asiyejulikana sana kwa jina ingawa pengine amewahi kukuliza. Anaitwa Alex Heffes. Kama uliwahi kutoa machozi kwenye filamu ya Kiingereza iliyopigwa Uganda au Kenya miaka hii ishirini iliyopita, kuna uwezekano mkubwa mkono wake ulikuwa hapo.

Hebu tuipange kazi yake. Heffes ni Mwingereza, alisoma Oxford. Mwaka 1999 alitunga muziki wa One Day in September, dokumentari ya Kevin Macdonald iliyoshinda Oscar. Wakaendelea pamoja, Touching the Void ikafuata mwaka 2003. Mwaka 2006 Macdonald akaja Uganda kutengeneza The Last King of Scotland, ile ya Forest Whitaker na Idi Amin, na mtunzi wake akawa yule yule. Baada ya hapo mlango ukabaki wazi. 2010, The First Grader, hadithi ya mzee Kimani Maruge aliyejiunga na darasa la kwanza Eldoret akiwa na miaka 84. 2013, Mandela: Long Walk to Freedom, akateuliwa kuwania Golden Globe. 2016, Queen of Katwe ya Mira Nair. Halafu The Elephant Queen, filamu ya ndovu iliyopigwa hapa Tsavo, ikaonyeshwa mara ya kwanza tamasha la Toronto mwaka 2018, na ikawa kati ya kazi za kwanza kabisa za Apple TV+ huduma hiyo ilipofunguliwa Novemba 2019.

Ukiitazama orodha hiyo unaelewa jinsi kazi ya mtunzi wa filamu inavyokua. Haikui kwa tangazo wala kwa tuzo. Inakua kwa urafiki na mwelekezi mmoja, kisha wa pili. Justin Chadwick alifanya naye The First Grader, na alipopewa Mandela akamchukua tena. Sina tatizo na hilo, hata mimi nikipata fundi mzuri wa simu simwachi. Ila matokeo yake ni kwamba mtu mmoja akishafanya filamu mbili za Afrika anageuka kuwa "mtu wa Afrika", na anayefuata anaitwa yeye, na anayefuata pia. Fundi wa simu aliye Voi hajawahi hata kuonyeshwa simu.

Sasa sikiliza filamu hizo kwa makini, kuna mgawanyo wa kazi ndani yake. Kuna nyimbo, na kuna muziki wa chini. Nyimbo ni zile unazosikia redioni, baani, harusini, zenye maneno, zenye msanii. Muziki wa chini ni ule unaopita chini ya picha bila kukuomba ruhusa, unaokuambia sasa ogopa, sasa penda, sasa toa kitambaa. Kwenye The Last King of Scotland, Angela Kalule wa Uganda anaimba Me and Bobby McGee, na inanoga kweli. Kwenye Queen of Katwe kuna #1 Spice ya Young Cardamom na HAB, na kama hukujua, huyo Young Cardamom ndiye Zohran Mamdani, mtoto wa Mira Nair, aliyechaguliwa meya wa New York mwaka 2025. Nyimbo zinatuachia sisi. Mwafrika anapewa kazi ya kuonyesha tuko wapi. Lakini kazi ya kusema tuhisi nini inapewa mtu wa mbali.

Hata filamu zetu wenyewe hazijasalimika. Nairobi Half Life ya 2012, ambayo kila mtu wa rika langu anaweza kuigiza vipande vyake, ina hip hop ya Nairobi ndani, lakini muziki wa chini ulitungwa na Mjerumani, Xaver von Treyer. Si kosa lake. Filamu ile ilitokana na warsha zilizoendeshwa na Tom Tykwer na wenzake wa Ujerumani, na pesa huja na mafundi wake. Nasema tu kwamba hata wizi wa saidimira kule Nairobi ulihitaji Mjerumani wa kutuambia ni wa kusikitisha.

Heffes ana kipaji, sitaki mtu anielewe vibaya. Ana kitu ambacho watunzi wengi wa filamu za hapa hawana, nacho ni subira. Kwenye Touching the Void anajua kuliacha theluji lijisemee. Kwenye Queen of Katwe anajizuia hata pale Disney wangefurahi amwage sukari. The First Grader ndiyo inayonikera kidogo, manake pale muziki unafika kabla ya mzee. Maruge hajalia, vayolini zimeshalia. Mzee aliyeteswa kwenye kambi za Mau Mau hakuhitaji kusaidiwa kuhuzunisha.

Tuje nyumbani. The Elephant Queen iliongozwa na Mark Deeble na Victoria Stone, ambao walipiga picha Tsavo kwa miaka minne. Hadithi ni ya Athena, ndovu jike anayeongoza familia yake kuondoka kwenye dimbwi lao ukame unapokaza, kutafuta maji, na kurudi mvua ikinyesha. Ndama wawili wanaitwa Mimi na Wewe. Nadhani Ulaya hayo yalisikika kama majina mazuri ya Kiafrika. Mimi (yaani mimi mwenyewe, si ndama) nilicheka mpaka nikasimamisha filamu. Jaribu kumsimulia mtu: "Wewe alikwama kwenye tope, Mimi akabaki na mama." Haiwezekani.

Picha zake ni nzuri kuliko chochote kilichowahi kupigwa kaunti hii. Na muziki unafanya kazi yake vizuri sana. Ukitazama mbawakawa akiviringisha mavi, muziki unachezacheza, unamfanya mdudu kuwa mchekeshaji. Ukame ukikaza, okestra inashuka, inapunguza vyombo, inabaki pumzi tu. Mvua ikirudi, kila kitu kinafunguka. Ni kazi safi. Ukiwa na watoto chumbani watakaa kimya saa nzima na zaidi, na hilo pekee ni muujiza.

Ila nimeitazama mara tatu nikiwa Voi, na kila mara kuna kitu kinanikwaruza. Kwanza ni jambo la kifundi. Hapa wengi tunatazama filamu kwa simu. Spika ya simu haina besi. Selo zinapotea, ngoma kubwa zinapotea, kinachobaki ni vayolini na sauti ya msimulizi. Kwa hiyo ile filamu iliyochanganywa kwa ajili ya ukumbi mkubwa, kwetu inafika ikiwa tamu tu, bila uzito. Tumepewa sukari ya chai bila chai.

Na hilo lina maana zaidi kuliko linavyoonekana, kwa sababu ndovu ni mnyama wa besi. Mwaka 1984 mtafiti Mmarekani Katy Payne, ambaye alikuwa amesomea muziki, alikaa karibu na ndovu kwenye bustani ya wanyama ya Portland, Oregon. Akahisi mtikisiko hewani bila kusikia kitu. Baadaye akakumbuka alikowahi kuhisi hivyo: kanisani, alipokuwa akiimba kwaya karibu na bomba kubwa la kinanda, noti zile za chini kabisa ambazo kifua kinazisikia kabla ya sikio. Vipimo vikaonyesha kweli ndovu wanazungumza kwa sauti za chini ya uwezo wa masikio yetu, na sauti hizo husafiri kilomita kadhaa. Ina maana Tsavo nzima iko kwenye mazungumzo muda wote na sisi tunadhani kuko kimya. Mwanamuziki ndiye aliyegundua. Halafu tunapotengeneza filamu juu ya wanyama hao tunawawekea vayolini, chombo ambacho noti yake ya chini kabisa iko juu ya karibu kila kitu wanachoambiana.

Jambo la pili si la kifundi. Nilikuwa nikipelekwa kwa nyanya yangu Sagalla kila likizo ya Agosti. Sagalla ya chini, sio mlimani, kule ambako shamba likiisha kinachofuata ni mbuga. Mahindi yakikaribia kukomaa, hakuna mtu aliyelala vizuri. Na jambo ambalo filamu zote hazijui ni kwamba ndovu haji kwa kishindo. Nyayo zake ni laini kama godoro. Unachosikia kwanza ni mbwa, halafu mbwa ananyamaza. Huo unyamavu wa mbwa ndio unaoamsha nyumba. Kisha tawi moja. Kisha, kama yuko karibu sana, tumbo lake, mngurumo kama wa lori lililoegeshwa mbali. Halafu ndipo jirani wa kwanza anapiga debe, na wa pili, sufuria, mabati, mluzi, watu wanapiga kelele bila maneno, na kuna mama mmoja alikuwa anaimba tenzi za kanisani kwa nguvu zake zote, si kwa ibada, ni kwa sababu ndiyo sauti kubwa aliyokuwa nayo.

Asubuhi unaenda kuangalia kilichobaki. Mwaka mmoja kilibaki kibuyu kimoja tu.

The Elephant Queen karibu haina watu. Ni chaguo halali, filamu ya familia haiwezi kubeba kila kitu, na anayetaka habari za fidia za KWS atazipata penginepo. Nakubali. Lakini muziki ndio unaoamua mtazamaji atamhesabu nani kuwa mtu. Vayolini zikimfuata Athena kwa saa nzima na zaidi, mtazamaji wa London anatoka akiwa ndugu yake. Mwaka 2021 serikali ilihesabu ndovu 36,280 nchini, na hakuna eneo lenye wengi kuliko Tsavo. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti hii ni mbuga. Mtazamaji huyo akisikia kesho kwamba wanakijiji wa Sagalla au Kasigau wamefukuza ndovu kwa mawe, tayari ana muziki kichwani, na muziki huo si wetu. Nampenda ndovu. Nilisikitika Satao alipouawa kwa mshale wa sumu mwaka 2014 kama kila mtu hapa alivyosikitika. Ukame wa 2022 ulipoua ndovu 205 nchini kati ya Februari na Oktoba, hakuna mtu Voi aliyesherehekea. Unaweza kumpenda na kumwogopa usiku huo huo. Hiyo hali ya mambo mawili kwa pamoja ndiyo ningetaka mtunzi aipate. Heffes aliweza kuipata kwa Idi Amin! Kwenye The Last King of Scotland muziki unakuvuta kwa Amin na kukuonya juu yake ndani ya dakika moja. Kwa ndovu wetu alituachia mapenzi tu.

Kuna jambo jingine la Sagalla ambalo likiwekwa mikononi mwa mtunzi mwenye masikio lingekuwa filamu nzima. Mwaka 2007 Lucy King na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Samburu: ukiwachezea ndovu sauti iliyorekodiwa ya nyuki waliokasirika, wanakimbia. Sauti tu, bila nyuki. Baadaye kazi hiyo ikahamia Sagalla, ambapo shirika la Save the Elephants linaning'iniza mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba. Ndovu akisukuma waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Fikiria hilo kidogo. Kuna kijiji Taita Taveta kinacholindwa kwa sauti. Na hakuna filamu ya ndovu ya Tsavo ninayoijua ambayo muziki wake umewahi kujaribu kuvuma kama nyuki.

Kuhusu The Ghost and the Darkness ya 1996, ile ya simba wala watu wa reli mwaka 1898, sina mengi. Jerry Goldsmith aliandika muziki mkubwa, Patterson anapewa ladha ya Ireland na sisi tunapewa kwaya. Ilipigwa Afrika Kusini, na simba wake wana manyoya ya shingo ambayo wale wa Tsavo hawakuwa nayo. Basi.

Afrika Kusini, kwa kweli, ndiyo sauti ambayo dunia ilikubaliana iwe yetu sote. Tangu Lebo M alipoimba Kizulu mwanzoni mwa The Lion King mwaka 1994, kila simba anaongea Kizulu, hata yule anayeitwa Simba. Rafiki yangu mmoja hapa Voi, prodyuza, anatengeneza biti kwenye chumba nyuma ya duka la vyuma. Miaka michache iliyopita walikuja watu wenye kamera, sitawataja, wakamwomba muziki wa filamu fupi ya mazingira. Walimtumia picha ambazo tayari zilikuwa na muziki wa muda chini yake, wa kuazima. Hivyo ndivyo kazi hii inavyofanywa kote, mhariri anakata picha juu ya wimbo wa mtu, wanauzoea, halafu mtunzi anaambiwa alete kitu "kama hiki". Muziki wenyewe wa kuazima ulikuwa kwaya ya Kizulu. Yeye ni Mdawida. Nyumbani kwao kuna ngoma za mwazindika, zilizokuwa za kupungia pepo, midundo inayogeuka katikati ukadhani mpigaji amekosea, kumbe ndipo pepo anapoingia. Akawapelekea mwazindika. Wakamjibu kwamba ni nzuri lakini haisikiki Kiafrika vya kutosha.

Akawafanyia walichotaka. Dakika sita, shilingi 8,000 kwa M-Pesa, hakuna karatasi. Jina lake halikuwa mwishoni.

Karatasi ndiyo kila kitu, na wasanii wa hapa wengi hawaijui. Kwa filamu inayouzwa kwenye televisheni, kuna fomu inayoorodhesha kila kipande cha muziki, kimechukua sekunde ngapi, na ni cha nani. Kituo kikirusha filamu, mrabaha unafuata fomu hiyo. Kama jina lako halimo, unaweza kuwa umetunga muziki unaochezwa nchi kumi na hupati hata nauli ya Mwatate. Vyama vyetu vya mrabaha tunavilaumu, na mara nyingi ni haki yao kulaumiwa, lakini hata chama cha malaika hakiwezi kulipa jina lisiloandikwa. Na nikitaja malaika: Fadhili William, aliyerekodi Malaika na kuufanya wimbo wa dunia, alikuwa mtoto wa Taita. Mpaka leo watu wanabishana kama ni yeye aliyeutunga au Adam Salim au mwingine. Ubishi wa miaka 60, na chanzo chake ni kwamba siku ile hakuna aliyejali nani anaandika nini kwenye karatasi.

Je, kuna njia nyingine? Ninayemtazama kwa wivu mzuri ni Maia Lekow. Alianza pale pale tunapowekwa wote, kwenye wimbo. Mwaka 2008 Wanuri Kahiu alitengeneza From a Whisper, filamu kuhusu shambulio la bomu la Agosti 7, 1998 pale Nairobi, na Lekow akaiimbia Uko Wapi. Mwaka uliofuata wimbo huo ukampa tuzo ya muziki bora wa filamu kwenye African Movie Academy Awards. Kwa msanii wa kawaida hapo ndipo hadithi inapoishia: una tuzo, unarudi kuimba hotelini ukisubiri mwelekezi mwingine akupigie. Simu za namna hiyo Kenya hazilii mara nyingi.

Yeye hakusubiri. Aliendelea na bendi yake, na wakati huo huo pamoja na mumewe Chris King wakaanza kutengeneza filamu yao wenyewe. Iliwachukua miaka. The Letter ilitoka 2019, ikaanzia tamasha la IDFA Amsterdam, kisha Kenya ikaipeleka kuiwakilisha kwenye Oscar. Ni hadithi ya kijana anayerudi kijijini pwani, kwa Wagiriama, baada ya nyanya yake wa miaka zaidi ya tisini kuandikiwa barua na watu wa familia, akiitwa mchawi. Chini ya uchawi kuna shamba. Kila mtu wa pwani anaijua hadithi hiyo, hata sisi wa huku juu.

Ninachokipenda pale ni jinsi sauti zinavyotumika. Kikongwe analima, na unasikia jembe. Waumini wanaimba na kupiga kelele za kutoa mapepo, na hakuna okestra inayokuambia hawa ni wabaya. Nikiwa mtazamaji, nilijikuta namwogopea nyanya na wakati huo huo naufurahia wimbo wa wanaomtishia, kwa sababu ni wimbo mzuri, bana. Hiyo ndiyo hali ya mambo mawili niliyoisema. Mwanamuziki akikaa kwenye kiti cha mwelekezi anaweza kufanya uamuzi ambao mtunzi wa kukodiwa hapewi kamwe, yaani kuamua mahali ambapo muziki hautakuwepo. Heffes huitwa filamu ikiwa imeshakatwa au inakaribia, pesa zimeisha, tarehe imewekwa. Lekow alikuwa uani kwa yule nyanya.

Bila shaka hiyo si njia ya kila mtu. Unahitaji mwenzi anayeshika kamera, ruzuku kutoka nje, na miaka ya kuishi bila kujua kama kazi itaisha. Hata wao wawili, filamu yao iliyofuata, How to Build a Library, kuhusu wanawake wanaoifufua maktaba ya McMillan Nairobi, ilifika Sundance Januari 2025, zaidi ya miaka mitano baada ya The Letter. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na najua kuishi bila uhakika kunagharimu nini, hata bila kamera. Kumwambia kijana wa Voi "tengeneza filamu yako" ni rahisi kama kumwambia achimbe kisima chake. Lakini kati ya kusubiri kuitwa na Apple na kujenga kampuni yako kuna nafasi, na hapo ndipo wengi wetu tunaweza kusimama: kuwa karibu na picha mapema, kabla ya mhariri kuweka kwaya ya kuazima. Kurekodi sauti uwanjani, kwa mfano. Hiyo kazi ipo, kila kundi la kamera linalopita Voi linahitaji mtu wa sauti, na anayerekodi sauti ndiye wa kwanza kujua mahali panasikikaje.

Prodyuza wangu ameanza. Alinunua kinasa sauti cha mitumba Mombasa, na kila Jumamosi anapanda boda hadi Sagalla. Ana mizinga ikivuma mchana. Ana treni ya SGR ikipita juu ya tuta wakati ng'ombe wanakunywa maji. Mwezi uliopita alinitumia kipande cha sekunde 40 cha usiku, nikakisikiliza kwa simu, nikamwambia hakina kitu. Akaniambia nije. Alikuwa ameazima spika kubwa ya kanisa la jirani, ikajaza nusu ya chumba. Akazima taa, akacheza. Mbwa. Mbwa. Halafu mbwa akanyamaza, na mabati ya dirisha la chumba chake yakaanza kutetemeka kidogo kidogo, kabla hatujasikia chochote.